Vitabu Vilivyokuja na Ngamia

Mwaka 1996, maktaba ya taifa ya Kenya ilipoanzisha huduma ya ngamia mjini Garissa, ngamia walikuwa watatu tu. Mmoja alibeba masanduku mawili ya vitabu, mia mbili kila ubavu, na wenzake wakabeba hema na vifaa vingine. Sisi watoto wa wafugaji tulimjua ngamia kwa maziwa na kwa kubeba nyumba wakati wa kuhama. Siku ya kwanza alipigishwa magoti nje ya shule yetu, mikeka ikatandikwa chini ya mgunga, tukaambiwa tuchague.

Kuchagua ndiko kulikokuwa kugeni. Kitabu tulichokijua kilikuwa cha darasani, tunakisoma kwa kubanana, na kengele ikilia kinarudi kabatini. Sasa nilikuwa na changu kwa wiki mbili, hadi msafara urudi. Nilipokifunua nyumbani, mchanga ulimwagika kutoka kwenye mshono wa kurasa. Nilikisoma jioni karibu na moto, na kwa sauti, maana ayeeyo, bibi yangu, alitaka kujua ni kitu gani kimeninyamazisha.

Ayeeyo alisomea Qur'ani kwenye ubao, wino wa mkaa ukioshwa kila aya zikishahifadhiwa. Kisomali kilipopewa maandishi rasmi ya Kilatini mwaka 1972, yeye alikuwa tayari mtu mzima mwenye watoto na mifugo ya kuangalia. Basi mimi nilisoma Kiswahili, nikamfasiria, naye akakosoa: fisi gani huyo mjinga, fisi si tunamjua! Kisha akaleta hadithi yake, ya Dhegdheer, yule mwanamke mla watu mwenye sikio refu. Kitabu kimoja kilizaa hadithi tatu nne kabla moto haujazimika. Nikisikia watu wakisema kwamba Kaskazini Mashariki hakuna utamaduni wa kusoma, huumia. Kwetu shairi limesafiri kutoka kisima hadi kisima bila karatasi. Mtoto aliyelelewa na masikio kama hayo yuko tayari kwa kitabu. Kilichokosekana ni kitabu chenyewe.

Wanangu wamekulia mjini, kwenye umeme na simu. Wana kitu ambacho mimi sikukipata: hadithi za watoto zilizoandikwa kwa Kisomali, nyingine za bure kwenye simu, kama zile za African Storybook. Hata hivyo tunazisoma kwa sauti, kwa sababu mama yangu, ayeeyo wao, anakaa nasi. Hasomi, lakini mdogo akiruka ukurasa ili afike mwisho haraka, anamrudisha.

Maktabani kijana wangu huchukua vitabu vya mpira. Jamaa hunishauri nimwelekeze kwenye vya mtihani. Simwelekezi. Vya mtihani atapewa shuleni. Hivi vingine asipovichagua mwenyewe sasa, sioni atavipenda lini.

Binti yangu naye amechukua daftari, anaiandika Dhegdheer kama anavyosimuliwa. Kazi imekwama kwenye mwisho, maana ayeeyo ana miwili: mmoja wa watoto wadogo, mwingine mkali zaidi wa wakubwa. Anamwambia mjukuu achague mmoja. Binti anataka kuandika yote miwili, na bado wanabishana.