Mtoto wa Kusema "Ndiyo"

Nilipoanza kazi Handeni, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashine yangu ya kumchunga mnyama aliyepigwa nusu kaputi ilikuwa mtoto. Mtoto yeyote aliyekuja na mbwa. Mbwa wa kule wengi ni wa kuwindia, na mmoja akikumbana na nguruwe pori hurudi amechanwa, mara nyingine utumbo uko nje. Nilimchoma zailazini na ketamini, nikamlaza kwenye meza chini ya mwembe, kisha nikamwambia mtoto: "Weka mkono hapa kifuani. Kikipanda, sema 'ndiyo.' Usiache hata nikikusemesha." Nikashona huku nasikiliza. Ndiyo. Ndiyo. Ikikawia, sindano inasimama.

Mengine niliyatafuta mwenyewe: mshipa wa ndani ya paja, na fizi, unazibonyeza zikawa nyeupe, ukiachia damu irudi kabla ya sekunde 2. Chuoni tulifundishwa pia kugusa kope. Zikitulia, mnyama amelala. Lakini ketamini humwacha mbwa macho wazi, kope zinacheza, naye hana habari. Nilimwongezea dawa mbwa mmoja ambaye wala hakuihitaji. Hakuamka. Mwenyewe, mzee wa makamo, alisema tu, "Basi, daktari," akamtia kwenye gunia. Heri angenifokea.

Kipima oksijeni nilikijua vitabuni. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyebuni kanuni yake katika miaka ya 1970: kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyoishiwa hazifyonzi mwanga mwekundu sawasawa kulijulikana kabla yake; yeye alitumia pigo la mshipa kuzipima. Mkononi nilikipata baada ya korona, nimeshahamia Korogwe, kile kidogo cha kubana kidole cha mtu. Nikakibana kwenye ulimi wa mbwa jike aliyeletwa kufungwa kizazi. 97, na kila pigo la moyo kinalia. Nilicheka peke yangu. Kumbe miaka yote ile nilikuwa nakisia!

Mtoto nikampa kiti akae.

Haikupita muda kikaniandikia 82, kisha vistari vitupu. Jasho likanitoka. Kutazama kifua, kinapanda vizuri. Fizi ziko sawa. Kibanio kilikuwa kimeuminya ulimi uliokauka, damu haipiti. Nikaulowesha, nikakisogeza pembeni: 96. Baadaye nikazijua hila nyingine: ulimi mweusi, jua la dirishani, na zailazini yenyewe, ambayo hubana mishipa midogo hadi chombo kisione pigo. Hizo ni hila za kukutisha bure. Ninayoiogopa mimi ni ya kukutuliza bure. Chombo kinasoma oksijeni ya damu, hakisomi pumzi. Pumzi ikikatika, damu hula kwanza akiba iliyobaki mapafuni, na namba inakaa palepale. Mashine za kupima hewa itokayo mapafuni zipo, ila si kwangu.

Kwa hiyo mtoto karudi mezani. Majuzi alikuwa binti wa darasa la 5, mbwa wake amegongwa na pikipiki. Mabasi ya Arusha yanapiga honi barabarani, mlio wa chombo sikuusikia vizuri, nikawa natupa jicho kwenye namba. 95.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo."

Kimya. Bado 95.

"Daktari, hajavuta."

Niliacha uzi, nikauvuta ulimi mbele, nikamnyoosha shingo, nikambonyeza kifua. Namba ndipo ikaanza kushuka: 93, 90, 88. Nikabonyeza tena. Binti hakuinua mkono wake.

"Ndiyo," akasema.