Mashauri ya Mji

Watu wengi wakitajiwa utamaduni hukumbuka upesi ngoma, mavazi, mapishi, mashairi na ada za arusi na matanga. Hayo yote ni utamaduni, wala hapana wa kuyabeza. Lakini namna watu wanavyokaa pamoja na kuamua nani atazoa taka, maji ya mvua yapite wapi, na mchuuzi wa ndizi aweke wapi sinia lake, nayo ni sehemu ya utamaduni wao. Tena ni sehemu inayofichua tabia ya taifa kuliko ngoma, kwa kuwa ngoma huchezwa siku ya furaha, na takataka huzaliwa kila siku. Kwa sababu hiyo nimeona vema kuandika juu ya shughuli za kawaida za halmashauri ya mji, jambo ambalo aghalabu hupita mbele ya macho yetu bila kutazamwa.

Tuanze na maneno yenyewe, maana lugha ni ghala ya mawazo ya waliotutangulia. Baraza, kabla ya kuwa mkutano wa wakubwa, ni kile kikalio cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba za pwani, ambapo wazee hukaa jioni, hupokea wageni na kuamua magomvi ya jirani. Diwani ni neno lenye historia ndefu. Katika miji ya Mrima diwani alikuwa mtawala wa mahali, mwenye heshima zake na siwa yake. Leo diwani ni mtu aliyechaguliwa na wakazi wa kata. Kadhalika diwani ni kitabu kilichokusanya mashairi ya mshairi mmoja. Sidhani kuwa tunakosea tukiziweka maana hizi pamoja, kwani diwani mwema wa kata naye hukusanya sauti nyingi zilizotawanyika na kuzifanya zisikike mahali pamoja. Na ndani ya neno halmashauri tunalisikia shauri. Basi Kiswahili kimekwisha kutuambia kazi yenyewe ni nini: ni kukaa, ni kukusanya sauti, na ni kushauriana.

Hata hivyo, historia ya halmashauri zetu haikunyooka kama maana ya maneno hayo. Wakati wa ukoloni miji ilikatwa vipande: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na huduma zilifuata vipande hivyo. Baada ya uhuru mabaraza yalipanuliwa ili wananchi wote wawe na kauli. Lakini katika mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 halmashauri za wilaya ziliondolewa, na za miji zikafuata mwaka 1973. Kazi zao zilikabidhiwa wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa na Serikali. Nia ilikuwa kuwasogezea wananchi madaraka. Mimi nilikuwa mtoto wa shule wakati ule, nami nakumbuka jinsi pipa la taka lililokuwa pembeni mwa mtaa wetu lilivyojaa, likafurika, hata mwishowe likafunikwa na kichuguu cha uchafu tusiweze kuliona tena. Hapakuwa na diwani wa kumfuata. Mama zetu walilalamika kisimani, malalamiko yakaishia kisimani.

Hali ya miji ilipozidi kudhoofika, Serikali ilitunga sheria mwaka 1978 ya kuzirudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikatungwa sheria za serikali za mitaa zinazoongoza wilaya na miji mpaka leo, ingawa zimerekebishwa mara nyingi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipohojiwa mwaka 1984, alikiri kwamba kuvunjwa kwa serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Kauli hiyo ina uzito, maana hutoka kwa kiongozi aliyekuwa bado madarakani. Fundisho lake ni kwamba huduma haikai peke yake. Pakiondolewa mahali pa kuidai, nayo huondoka.

Sasa tuingie ndani ya ukumbi. Sheria inataka baraza la madiwani likutane angalau mara moja kila miezi mitatu, na mikutano hiyo iwe wazi kwa wananchi. Mimi ni mkazi wa mji mmoja wa bara wenye hadhi ya manispaa, na tangu nilipostaafu ualimu nimekuwa nikienda kukaa katika viti vya wasikilizaji. Jina la mji sitalitaja, kwa kuwa ninayoyaeleza hayahusu mji mmoja tu. Meya huingia amevaa joho, watu husimama, dua husomwa, akidi huhesabiwa. Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza, huketi karibu na Meya. Wakuu wa idara hukaa upande wao na makabrasha yao. Kisha huthibitishwa kumbukumbu za kikao kilichopita, na baada yake hufuata kifungu ambacho mimi hukipenda kuliko vyote: Yatokanayo. Hapo ndipo baraza hulazimika kujibu lilichokiahidi. Mtu asiyejua atadhani kifungu hicho ni utaratibu mkavu wa maofisi, kumbe ndicho kumbukumbu ya mji.

Nitatoa mfano mmoja. Karibu na kituo cha mabasi cha mji wetu wapo akina mama lishe wapatao ishirini na kitu, waliokuwa wakipika chini ya miarobaini, kando ya mtaro usio na kifuniko. Mara mbili mgambo walikuja alfajiri na lori, wakawafukuza; masufuria yalipinduliwa na wali ukamwagwa mtaroni. Siku ya tatu akina mama walirudi. Basi jambo lile likaletwa barazani. Afisa Afya alieleza kwamba chakula kando ya mtaro ulio wazi ni mlango wa kipindupindu, na hakuna aliyeweza kumkanusha. Mhandisi alisema barabara inatakiwa kupanuliwa. Ikapendekezwa wahamishwe wote wapelekwe soko jipya nje kidogo ya mji.

Ndipo aliposimama diwani mmoja wa viti maalumu. Hakupandisha sauti. Alisema, “Mstahiki Meya, naafiki kuwa mtaro ni mchafu. Lakini aliyeuacha wazi si mama lishe, ni sisi. Je, mchafu ndiye tunayemhamisha, au aliyekaa karibu na uchafu wetu?” Ukumbi ulikaa kimya. Mzee mmoja, diwani wa siku nyingi, akaongeza kwamba mpakizi wa mizigo hawezi kupanda basi kwenda kufuata chai. Chakula humfuata mlaji. Baraza halikupiga kura siku ile. Liliamua kuituma Kamati ya Mipango Miji na Mazingira iende ikaone kwa macho na kuwasikiliza wahusika.

Wajumbe walikwenda, nasi wakazi tukawafuata. Mama mmoja, akikoroga uji bila kuuacha, aliwaambia, “Waheshimiwa, mimi sikatai kulipa ushuru, nipeni stakabadhi. Sikatai usafi, nipeni maji. Ila msinipeleke mahali ambapo sufuria litalala limejaa, kwa maana wanangu wanasoma kwa sufuria hili.” Maneno hayo yaliandikwa katika taarifa ya kamati karibu kama alivyoyasema, na katika kikao kilichofuata yalisomwa mbele ya Meya mwenye joho. Uamuzi ulikuwa kwamba wabaki upande mmoja wa barabara, wavutiwe bomba la maji, walipe ushuru kwa stakabadhi, na mtaro ufunikwe kwa mabamba ya zege.

Sitaki msomaji adhani kuwa hadithi iliishia hapo kwa vigelegele. Bomba lilifika. Mabamba yalifunika nusu ya mtaro, fedha zikaisha. Bajeti ya mwaka uliofuata ilitaja nusu iliyobaki, na ya mwaka wa pili ikaitaja tena. Wanawake wawili waliokuwa upande usiofunikwa walikatazwa kupika, nao wakaacha biashara. Kila kikao, chini ya Yatokanayo, yule diwani huuliza habari za mabamba, na kila kikao hujibiwa kwamba fedha zikipatikana kazi itaendelea. Wapo wanaomcheka kwa kung’ang’ania jambo moja. Mimi namheshimu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na asiyeuliza habari za ufa hatazibiwa.

Hapa tunafika kwenye kiini cha tatizo, nacho ni fedha. Halmashauri huishi kwa ushuru wa masoko, leseni, ushuru wa huduma, ada za taka na ruzuku ya Serikali Kuu. Baadhi ya vyanzo vyake vimeondoka kwa miaka. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na wananchi wengi walifurahi, kwani ilikuwa ikikusanywa kwa kero. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na mwaka 2021 ikaanza kulipwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Ukusanyaji umekuwa rahisi, lakini umekata uzi mmoja muhimu. Zamani mwenye nyumba aliyelipa kodi katika ofisi ya mji alijua mlango wa kuuliza kwa nini mtaro wake haujafunikwa. Leo hukatwa fedha zake anaponunua umeme, na mita haina sikio.

Jambo jingine la kutia moyo ni lugha. Mambo ya zege, bajeti na ramani huzungumzwa barazani kwa Kiswahili ambacho muuza mchicha hukifahamu. Akidi, hoja, sheria ndogo, muhtasari, mwenyekiti wa mtaa: maneno haya yamezoeleka kwa kutumiwa, wala hayakubaki kamusini. Nchi ambayo raia wake husikia mashauri ya mji wao katika lugha wanayobembelezea watoto ina hazina kubwa. Lakini hazina isiyotumiwa huota kutu. Viti vya wasikilizaji katika ukumbi wetu ni vingi, na siku nyingi tunaokaa hapo hatuzidi watano. Wengine husema kwamba madiwani hufuata posho tu. Yamkini wapo wa namna hiyo. Lakini diwani ajuaye kwamba hakuna mtu anayemtazama, nani atamzuia?

Wazee wetu hawakwenda barazani kwa sababu baraza lilikuwa kamilifu. Walikwenda kwa sababu ndipo mambo yao yalipoamuliwa, na aliyekosa kufika alijua kuwa neno lake halitakuwamo. Tumerithi kwao neno hilo; imebaki kurithi na mwendo wake. Tuwafundishe watoto wetu ngoma na mashairi, na tuwafundishe pia kusoma tangazo la mkutano wa mtaa lililobandikwa mlangoni pa ofisi, kusimama kwa adabu, na kuuliza: lile tuliloahidiwa kikao kilichopita limefikia wapi?