Kupanda Lushoto Wakati wa Masika

Ukishuka basi Mombo mwezi wa Aprili ukapanda pikipiki kwenda Lushoto, usione lami ukadhani safari ni nyepesi. Ni kilomita 33 hivi tu, lakini njia yapanda kutoka joto la tambarare hadi baridi ya mita 1,400, kona baada ya kona.

Mvua ikianza, ngoja kwanza. Dakika za mwanzo ndizo mbaya kupita zote, kwa kuwa maji huchanganya vumbi na mafuta yaliyodondoka kwenye magari, lami ikawa kama imepakwa sabuni. Ikinyesha sana huoshwa. Utelezi hupungua, ingawa hauishi. Chai moja pale Mombo haijamchelewesha mtu.

Mwendo upunguzwe kabla ya kona, si ndani yake, na breki zote mbili zishikwe taratibu. Dimbwi nalo liogope, maana shimo lililo chini hulioni. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, ambao mvua huumomonyoa ukaangusha mawe na udongo. Upande wa pili ni bonde. Mama mwenye mtoto mgongoni apande gari. Hapo sioni la kujadiliana, hata dereva akiapa.

Soni simama utazame maporomoko, kisha uvae koti kama hukuvaa. Shati la Mombo halitoshi huku juu: vidole vikifa ganzi, havishiki breki.