Mdoli Ubaki Leba

4 Machi 2024

Nimefika kituoni mchana, mvua ikinyesha. Kabla ya chai nikaomba nionyeshwe ambu, ule mfuko wa kumpa hewa mtoto asiyepumua. Ipo, mpya kabisa, imefungiwa kabatini, na ufunguo anao msimamizi aliyekwenda mjini. Wakunga wa zamu wana vyeti vya mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, wamevitunza vizuri kwenye bahasha za plastiki. Mtoto aliyezaliwa hapumui anatakiwa awe ameanza kupewa hewa ndani ya dakika moja, ile tunayoiita dakika ya dhahabu. Dakika hiyo haitoshi kumtafuta mwenye ufunguo.

5 Machi

Tumetandika kitenge mezani, mdoli wa mazoezi juu yake. Mkunga mmoja, mama mtu mzima, ameishika maski ya ambu kwa nguvu zote. Anaminya, kifua hakipandi. Hewa inavuja pembeni mwa pua, unaisikia kabisa.

“Mama, usikandamize. Nyanyua kidevu kidogo.”

Akakiweka kichwa sawa, akainua kidevu kwa vidole, akaminya tena. Kifua kikapanda.

“Kumbe!”

Kwenye semina walikuwa wengi kwa mdoli mmoja, zamu yake haikufika. Cheti alipewa hata hivyo. Simlaumu hata kidogo.

8 Machi

Nimesoma tena habari za Hospitali ya Haydom, kule Mbulu. Mwaka 2010 wakunga walipewa mafunzo ya siku moja. Kwenye mdoli wakafanya vizuri. Leba, mambo yakabaki vilevile. Mwaka 2011 utaratibu ukabadilishwa: mazoezi mafupi ya mara kwa mara, dakika chache tu, papo hapo kazini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Wakunga wakawa wanawasugua watoto zaidi ili wapumue, na waliohitaji ambu wakapungua. Kila ninapozisoma takwimu hizi nawawaza akina mama walioepushwa na uchungu wa kufiwa.

22 Machi

Bajeti. Wafadhili hupenda kuuliza wamefundishwa wangapi, kwa kuwa hilo ni rahisi kuhesabu. Mimi nataka tuhesabu leba zenye mdoli mezani, na ambu ambayo mkunga wa usiku anaifikia bila kuomba ruhusa. Nimefuta semina ya pili. Badala yake nimeweka nauli ya mkunga hodari wa kuzunguka vituoni, maski za namba 0 na 1, na dawa ya kutakasia vifaa.

Watakaolalamikia kukosa posho ya semina wana haki yao. Kwa mkunga wa kijijini, posho hiyo ndiyo michango ya shule ya mwanawe. Kwa hiyo nimeomba anayesimamia mazoezi kituoni alipwe saa za ziada.

Mganga mkuu wa wilaya ameuliza huyo mkunga wa kuzunguka naye atanolewa na nani. Ameuliza la maana. Jumatatu tunakaa na mkunga mkuu wa hospitali ya wilaya, tuone anaweza kumchukua leba kwake siku ngapi kwa mwezi.