Bolti Nne na Kamba za Mama Mkwe

Najua mnasubiri yale mapishi ya pweza niliyoahidi, yatakuja inshaallah. Leo nina la ngalawa.

Mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa bara. Nimezaliwa Kewanja, kule Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ambako bahari tuliiona kwenye kalenda ya ukutani tu. Nimeolewa Jambiani, huu mwaka wa 14. Mume wangu ana ngalawa aliyoachiwa na marehemu baba yake, mtumbwi wa mwembe uliochongwa kwenye gogo moja, viraka havihesabiki. Asubuhi anavulia. Wageni wakiwepo, anawapeleka hadi mwambani kuangalia samaki.

Kwa msioijua, mtumbwi mwembamba vile ukiupa tanga peke yake utalala ubavu kwa upepo wa kwanza. Unaosimamisha chombo ni mirengu, ile miti miwili inayokingama juu yake, na mbao zinazofungwa kwenye ncha zake kila upande kugusa maji. Pale mirengu inapokaa juu ya mtumbwi ndipo mzigo wote unapoishia. Zamani palifungwa kwa kamba. Mume wangu, miaka minne nyuma, alitoboa akatia bolti nne nene za chuma, na kwa muda mrefu kila aliyepita ufukweni alionyeshwa.

Mwaka jana nikaanza kuona michirizi ya kahawia ikishuka ubavuni mwa mtumbwi, kama wanja uliolowa machozi. Nikamwambia. Akanijibu, "Mama watoto, kile chuma, si ugali." Nikanyamaza. Mtu wa Kewanja amfundishe Mjambiani chombo?

Basi Julai, kusi imepamba, niko kwenye shamba langu la mwani maji ya magoti, nikaona tanga letu linashuka ghafla huko ndani. Mrengu wa mbele ulikuwa umepasuka kwa urefu, kuanzia kwenye tundu la bolti. Na mwanangu wa miaka 11 alikuwemo. Walirudi kwa upondo, mtoto amejibana upande uliobaki mzima ili chombo kisilale, baba yake hasemi neno. Nilimkumbatia mtoto pale pale majini, mwani wote nikauacha ukaenda zake.

Usiku ndiyo ikawa kazi. Mume wangu alitaka bolti mpya za mjini, nene zaidi, zile zisizoshika kutu, na akiba iliyokuwepo nyumbani ilikuwa yangu, ya mwani. Nikasema sitoi. Mashoga, sijawahi kumnyima mume wangu fedha, na mdomo ulikuwa unanitetemeka. Akaniuliza, "Wewe unajua nini cha chombo?"

Cha chombo sijui. Nira ninaijua. Baba yangu alilima kwa plau, na nira yake aliifunga kwa kanda za ngozi, kwa sababu ng'ombe wawili hawatembei sawa hata siku moja na lazima kitu fulani kiwape nafasi. Ukifunga kwa chuma kisichocheza, mti ndio utakaopasuka. Nikamwambia hivyo. Na bolti hata ikiwa nzuri, tundu lake limeshakata nyuzi za mti na kufungua njia ya maji ya chumvi. Chuma cha kawaida kikiingia kutu kinavimba, kinasukuma mti kutoka ndani, nawe huoni kitu. Hata hizo za bei kubwa huliwa zikikaa kwenye unyevu ndani ya mti pasipopita hewa.

Hakunijibu. Aliyejibu ni mama mkwe, kutoka chumba cha pili, maana kuta zetu hazifichi kitu. "Baba yako alitia bolti wapi, mwanangu?"

Kulipokucha akatoa pakacha uvunguni. Kamba za usumba, alizisokota mwenyewe. Wale wa mashamba ya mjini huenda hamjui: makumbi ya nazi hufukiwa ufukweni miezi kadhaa hadi yalainike, yakatolewa, yakapondwa kwa gongo, kisha nyuzi zikasokotwa mapajani. Kazi ya wanawake tangu enzi, na harufu yake siku ya kufukua, astaghfirullah, hata paka anahama.

Fedha yangu ikanunua mti mpya na kumlipa fundi siku mbili. Alitia kigingi cha mti kwenye kila tundu la zamani akakalafati, akaweka mrengu mahali pake bila kuutoboa. Kamba ikapita juu, ikapita chini, ikakatiza msalaba. Kila mzunguko walikaza kwa kijiti, mume wangu upande mmoja, mama mkwe upande wa pili na miaka yake 70 na kitu. Mwisho zikapigwa kabari.

Kamba za usumba huchoka, lazima zikaguliwe na kubadilishwa. Fundi alilisema hilo wazi, na mume wangu akanitazama kana kwamba ameshinda. Sawa. Sasa kila kabla ya bamvua mimi na mwanangu tunapitisha mkono fundo kwa fundo. Jana kabari ya kushoto ililegea kidogo. Mume wangu aliniita mwenyewe kutoka ufukweni, "Mkurya, njoo na nyundo."