Amplifaya ya Marehemu Kaka

Baada ya arusi ya mwaka jana wengi wenu mliniuliza kwa nini amplifaya ya marehemu kaka haikusikika siku ile. Jibu ninalo. Halinipendezi, lakini mtu aliyetumia umri wake kuwataka wanafunzi wakiri makosa yao hana budi naye akiri lake.

Wakubwa mnaikumbuka. Ni Vox AC30, iliyotengenezwa Dartford, Kent, katika miaka ya 1960. Kaka aliinunua kuukuu hapa Portsmouth mwaka 1971, akawa anatupigia gitaa katika arusi zetu mpaka alipofariki mwaka 2009. Uzito wake hupita kilo 30, na ndani hamna transista bali valvu za gilasi, ambazo sharti zipate moto kwanza ndipo zifanye kazi.

Wiki moja kabla ya arusi, mjukuu wa kaka, kijana wa miaka 15, aliiwasha ajaribu gitaa. Punde nyumba ikajaa harufu ya kuungua. Nikatoka mbio, nikakuta sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Sikuuliza. Nilimkemea mbele ya wageni, nikamwambia kuwa ameiunguza mali ya marehemu kwa fujo zake. Akanijibu polepole, "Babu, ilikuwa haitoi sauti tangu nilipoiwasha." Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza, na gitaa hakuligusa tena kwa miezi miwili.

Jirani yetu, Mwingereza mzee aliyekuwa fundi wa redio, alikubali kuitazama. Kwanza aliing'oa plagi, kisha akazimaliza nguvu kapasita, kwa sababu hizo huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya umeme kukatwa. Wenye vyombo kama hivi wasivifungue kwa kubahatisha; umeme huo huua.

Alipopima kwa mita, kosa likaonekana kwenye transfoma ya kutolea sauti. Kazi yake ni hii: valvu hutoa volti nyingi na mkondo mdogo, na spika inataka volti chache na mkondo mkubwa. Transfoma husimama katikati ikawapatanisha. Valvu nne za EL84 hufanya kazi mbili mbili kwa kupokezana, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, na kila upande una nusu yake ya koili. Nusu moja ilipimika sawa, nusu ya pili waya wake umekatika.

Fundi akauliza kama amplifaya iliwashwa bila ya spika. Akaeleza kuwa spika ndiyo mzigo wa transfoma. Mzigo ukikosekana na gitaa likapigwa, volti hupanda ndani ya koili mpaka zikapasua kinga ya waya. Akaingiza mkono nyuma ya sanduku, akatoa ncha ya waya wa spika imefungwa utepe mweusi. "Nani kafunga hapa?" akauliza.

Nilifunga mimi. Mwezi mmoja kabla nilizitoa spika kuzipangusa vumbi, nikazirudisha, waya nikausahau. Kijana alikuwa amesimama pale pale. Alinitazama, kisha akainamisha macho. Hakusema neno. Wallahi, angesema ingekuwa nafuu kwangu.

Jumapili ile niliwaita wale wale waliosikia nikimkemea, nikamwomba radhi mbele yao. Aliyeaibishwa hadharani haombwi radhi uchochoroni. Mama yake alilia kidogo. Yeye akasema tu, "Yamekwisha, Babu."

Transfoma mpya yenye vipimo vile vile ilipofika, tuliitia sote watatu. Kijana alichora kila waya na rangi yake kabla ya kuukata. Waya wa katikati unakwenda kwenye umeme mkubwa, wa pembeni wawili kwa valvu, na upande wa pili kwa spika. Fundi alitia lehemu, mimi nikashika taa. Spika tuliziunga kwanza, kisha tukaiwasha kupitia balbu ya wati 60, ili kukiwa na hitilafu balbu iwake kwa nguvu na kuzuia umeme. Balbu iliwaka kidogo ikafifia. Tulipokwisha kuiondoa balbu, valvu zikapata moto, kijana akagusa uzi mmoja. Ilikuwa sauti ya kaka ile ile.

Transfoma iliyoungua nimeiweka juu ya kabati la vitabu vyangu. Nikitaka kumkemea mtoto, huitazama kwanza, kisha nikamuuliza, "Ilikuwaje?"

Idi ijayo, inshallah, atatupigia yeye.