Dumu la tatu

Hapa Nyarugusu kila mtu anajua foleni ya bomba. Mke wangu alikuwa anabeba madumu matatu, na la tatu lote lilikuwa linaishia mikononi mwangu.

Nilikuwa nanawa mpaka ngozi inapasuka. Nikigusa mlango, nanawa. Nikimshika mtoto, nanawa, maana wazo linakuja: usiponawa, utamuua. Nilijua si kweli, ila kujua hakukusaidia kitu. Mama mkwe akasema nimerogwa. Mimi nikasema ni vita ya kwetu Fizi. Mwisho nikaacha kumbeba binti yangu.

Siku alipoenda chekechea bila kunawa uso, sababu maji nimeyamaliza, nilienda kwa mshauri kwenye zahanati. Hakucheka. Akasema ni ugonjwa, na una tiba: wasiwasi unakulazimisha kurudia jambo, na kila ukirudia, unaulisha.

Tiba yenyewe? Gusa mlango, halafu kaa bila kunawa. Dakika 5. Baadaye 10. Jasho lilinitoka, jamani! Lakini hofu ikipanda na usipoitii, inashuka yenyewe.

Sijapona kabisa. Jana tu nilinawa mara tatu kabla ya kula. Ila jioni binti alirudi na vumbi lake jekundu, nikambeba hivyo hivyo.

Ndugu unayeficha mikono, nenda ukaongee. Na wewe wa shirika, ukiona mtu anamaliza maji, usimgombeze kwanza. Muulize.